Masahihisho ya Kabula

Mimi ni mtu wa wivu, na heri niliseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Wivu wangu una harufu. Unanuka karatasi ya mfuko wa saruji, ile ya kaki, yenye vumbi kavu linalokwama kooni. Nikipita kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikakuta mifuko mitupu imekunjwa pembeni, roho inaniuma papo hapo. Mtu mzima, mama wa watoto, nageuza uso na kuongeza mwendo.

Wiki tuliyofiwa na mama nilifungua sanduku lake kutafuta vyeti, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu wa kusomwa siku ya mazishi. Chini ya vitenge, chini ya cheti cha ndoa, chini ya kila kitu, ile harufu ikanipanda puani. Nikajua kabla sijaona. Lilikuwa daftari la shule lenye kava la mfuko wa saruji, na mbele yake, kwa mwandiko unaolalia kushoto, pameandikwa Kabula, Form One, English. Madaftari yangu mimi hayakuwemo. Nilipekua mpaka kucha zangu zikakwaruza bati la sanduku. Hakuna hata moja! Nikakaa sakafuni, wanawake wako uani wanamenya ndizi za msiba, na badala ya kumlilia mama yangu nikawa namwonea kijicho binti wa Form One.

Sikulifungua lile daftari. Nilijua kilichomo, au nilidhani najua.

Mama alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari ya kutwa huko Buswelu. Sisi tulikaa Pasiansi, nyumba ya vyumba vitatu iliyojibana kati ya mawe mawili makubwa, ziwa unaliona ukisimama juu ya ndoo. Alikuwa Mhaya wa Muleba, na Mhaya na Kiingereza chake mnamjua, hataki kukiona kimevaa ndala. Baba ni Msukuma, fundi wa mashine za boti kule mwaloni, ufukweni wanakoshusha samaki, mtu mpole ambaye ulimi wake haukukutana na herufi r tangu azaliwe. Jina langu ni Roza. Mama aliniita Roza, na r yake ikinguruma. Baba aliniita Loza. "Loza, niletee spana, halaka!" Nilikua naitikia majina yote mawili bila kuona tofauti. Hili mlikumbuke, maana ndilo lililokuja kunisuta.

Kila alasiri mama alirudi na kiroba cha madaftari. Watoto wake wa Form One walikuwa wametoka shule za msingi walikosoma kila kitu kwa Kiswahili, halafu ghafla jiografia ni Kiingereza, hesabu ni Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni ni Kiingereza. Basi kila wiki aliwaandikisha insha fupi, sentensi kumi tu. Alikaa nazo kwenye meza ya barazani, mkono mmoja kalamu nyekundu, mkono mwingine anafukuza vile vijidudu vya ziwani ambavyo upepo ukigeuka vinakuja kama moshi. Vingine vilibanwa humo humo kurasani, vikakaukia kati ya mistari.

Alisoma kwa sauti. Yesterday I go to shamba. The childrens is many. My father she is a fisherman. Hapo alijishika kifua. "Maawe!" Kwa Kihaya maana yake ni mama yangu, ila majirani zetu waliamini kwamba mwalimu anayalalamikia mawe ya Mwanza, na mmoja aliwahi kumpa pole kwa kuishi karibu nayo.

Nilicheka kosa la yule baba aliyegeuzwa mwanamke. Mama hakucheka.

"Unacheka nini? Kiswahili kina he? Kina she?"

"Hakina."

"Yeye ni yeye, awe baba, awe shangazi, awe ng'ombe wa kwenye hadithi. Sasa huyu mtoto aanzie wapi kumgawa baba yake?"

Alikuwa na namna yake ya kusahihisha. Hakuandika jibu, hata siku moja. Alizungusha duara jekundu kwenye kosa, na pembeni akaweka swali. When was this? Au, Is your father a woman? Chini yake alichora mstari kwa rula na kuacha nafasi ya masahihisho. Mwanafunzi ajifikirie, aandike mwenyewe. Wengi walinakili kwa mwenzao wa dawati, wakamaliza. Kabula peke yake alijibu maswali. Mama akiuliza pembeni lini hiyo, Kabula alijibu chini kwa penseli, It was Sunday, Madam. Safari inayofuata mama anaandika, Then is it go? Na penseli inajibu, Went. Sorry Madam. I am forget. Mama anazungusha duara kwenye am forget, na mazungumzo yanaendelea mpaka ukurasa unajaa, nyekundu na kijivu, nyekundu na kijivu.

Mimi niliutazama wekundu ule nikaona mapenzi. Mtoto wa miaka kumi mnamlaumu vipi? Daftari la nani mama alilishika muda mrefu zaidi? La nani lilimfanya atabasamu peke yake? "Huyu mtoto wangu wa Buswelu," alisema, "leo kaniandikia ukurasa mzima!" Mtoto wangu. Nilikuwa nimekaa mbele yake, pua kwa pua, na mtoto wake yuko Buswelu.

Nami nilikuwa na daftari langu. Kila Jumamosi mama alinipa insha, kwa kuwa nilisoma shule ya Kiingereza tangu chekechea na alitaka nisilegee. Nilipompelekea alipitisha macho, akaweka tiki moja na neno Good, akanirudishia. Wiki baada ya wiki, tiki na Good. Wala hakuchora mstari wa masahihisho, angeuchorea nini? Nikaona bora nikosee. Jumamosi moja nikaandika kwa makusudi, My mother he is a teacher and he have one childrens. Nikasubiri nimekunja mikono. Mama alisoma, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Roza, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi acha mchezo, andika upya. Mimi nina watoto wanaokosea kweli."

Hata tone la wino sikupata. Niliandika upya nikilia, na nilipomaliza alinipa tiki na Good.

Sasa nieleze habari ya neno moja. Kwenye geti la shule yetu palikuwa na kibao cha bati kilichowaomba wazazi waje kuwachukua watoto wao kabla ya saa kumi. Neno la kuchukua pale lilikuwa collect. Parents, collect your children. Nililisoma kibao kile kila siku ya Mungu, kwa sababu nilikuwa mtu wa mwisho kuchukuliwa. Wenzangu walifuatwa na baba zao, dada zao, bodaboda wa kudumu. Mimi nilibaki na mlinzi, nakwaruza kutu ya kile kibao kwa kucha, mpaka mama atokee mbio mbio na kiroba chake. "Samahani mwanangu, nilibaki kidogo na watoto." Watoto maana yake Kabula. Nilijua, wala hakunificha, alibaki naye darasani kumwelekeza baada ya masomo.

Kwa hiyo collect kwangu halikuwa neno la kamusi. Lilikuwa jua linashuka, tumbo linanguruma, na mlinzi ananiuliza kama leo nimesahauliwa.

Siku moja insha ya wiki ilikuwa mtu ninayempenda. Mama alikuwa jikoni anageuza ndizi. Nikachomoa daftari la saruji kwenye rundo ambalo halijasahihishwa na kulisoma mimi kwanza. Nalijua kwa moyo mpaka leo. I like Madam very much. Every day Madam she collect me. At home nobody collect me. My mother she is die. I want Madam to collect me until I finish Form Four.

Nilisoma mara ya pili, polepole, na kila neno lilikuwa na maana moja tu. Kila siku Madam anakuja kunichukua. Nyumbani hakuna wa kunichukua. Mama yangu alikufa. Nataka Madam anichukue mpaka nimalize Form Four.

Loo! Kumbe si kumwelekeza tu! Mimi nimekaa getini nahesabu bodaboda, mama yangu yuko Buswelu anamfuata mwingine, anamshika mkono, anamsindikiza. Na haikuishia hapo, mwenyewe anataka achukuliwe moja kwa moja, aje alale kwetu, ale ndizi zetu, mama amtoe vijidudu kwenye nywele kama anavyonitoa mimi. Masikio yaliniwaka moto. Nakumbuka nilitazama mlango wa chumba changu nikapima kwa macho kama vitanda viwili vinaingia. Viliingia. Hilo ndilo lililonimaliza.

Mwandiko wa mama nilikuwa nauweza, herufi zake ndefu zenye mkia. Nikachukua kalamu nyekundu. Sikuzungusha duara wala sikuuliza swali. Niliandika chini ya insha, I will not collect you. I have my own child to collect. Go to your own people. Sitakuchukua. Nina mtoto wangu wa kumchukua. Nenda kwa watu wako. Nikatia sahihi ya mama, nikalisukuma daftari katikati ya rundo lililokwisha kusahihishwa. Mama alirudi anajifuta mikono, akasahihisha mengine yaliyobaki, akayafunga yote kwa mpira, akatia kwenye kiroba. Usiku ule nililala fofofo, sitawadanganya.

Ikafuata neema. Kesho yake mama alikuja getini mapema. Keshokutwa vilevile. Wiki nzima nilikuwa wa kwanza kuchukuliwa, nikawapungia mkono waliobaki kwa maringo, na yule mlinzi akasema naona leo mama kakukumbuka. Lakini barazani mambo yalipoa. Mama alisahihisha kimya kimya, haraka, na "Maawe" yake haikusikika tena.

"Kabula haleti daftari," alimwambia baba. "Anakaa dawati la nyuma kabisa. Namwuliza, anatazama chini."

"Labda kachoka kusoma," nikasema mimi.

"Thubutu! Mtoto yule?"

Alikasirika hasa, kanijia juu kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, nami nikamchukia zaidi huyo asiyekuwepo.

Jumamosi ya wiki ya pili geti la bati likagongwa. Nikaenda kufungua. Alikuwa amesimama msichana mdogo wa umbo, amevaa sweta la shule japo jua lilikuwa kali, kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri. Miguu ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Mkono mmoja ameshika mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na kwapani kabana daftari la saruji. Mimi kichwani mwangu nilikuwa nimemchora mrefu, mweupe, ana nywele.

"Hujambo mdogo wangu. Madam yupo?"

Nilimwachia geti wazi, nikakimbilia nyuma ya mlango wa uani. Mama alikuwa anakaanga samaki uani, baba kalala kwenye mkeka chini ya kivuli cha jiwe. Kabula akaingia mwenyewe, akapiga magoti kama wafanyavyo mabinti wa Kisukuma.

"Shikamoo Madam. Shikamoo baba."

"Marahaba! Kabula! Maawe, huyu mtoto! Wiki mbili hunipi daftari, leo umefikaje Pasiansi?"

"Nimetembea, Madam. Nilikuwa naulizia njiani." Hakuinuka. "Nimekuja kuomba msamaha. Kosa langu silijui, lakini naomba unisamehe. Naomba uendelee kunikolekti."

"Kukufanya nini?"

"Kunikolekti, Madam. Makosa yangu."

Mama alibaki na kijiko cha samaki hewani. Baba, bila hata kufumbua macho, akasema, "Mama Loza, mtoto anataka umlekebishe. Usahihishe makosa yake. Mbona anasema vizuli tu."

Anasema vizuri tu! Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, na pale ndipo dunia ilipogeuka. Correct. Alikuwa anataka kuandika correct. Kila siku Madam ananisahihisha. Nyumbani hakuna wa kunisahihisha. Kaiandika r kama anavyoitamka, kama baba yangu mzazi anavyoitamka, aliyeniita Loza tangu nimezaliwa, na mimi niliyekulia kwenye ulimi huo wa Kisukuma sikulisikia neno hilo lilipokuja kwa maandishi. Na barua yangu nayo? Alikuwa ameisoma kwa ulimi wake. Sitakusahihisha. Nina mtoto wangu wa kumsahihisha. Ndiyo maana aliacha kuleta daftari. Alitii.

Mama alifungua ule ukurasa. Samaki waliungua, harufu ikajaa uani, hakuna aliyeinuka. Mwandiko niliuiga vizuri sana, lakini duniani alikuwepo mtu mmoja tu wa kuandika sentensi ile ya pili. Aliinua macho akatazama moja kwa moja mlangoni, kwenye upenyo wa bawaba, nilipokuwa. Halafu akamgeukia Kabula.

"Inuka mwanangu. Hapa aliyekosea ni Madam. Hata Madam anakosea."

Alikata maneno yangu kwa mstari mmoja, akazungusha duara kwenye collect ya kwanza, akaandika swali pembeni, L or R? Na Kabula, machozi yanamtoka, akacheka. Kisha mama akamkalisha, akampa chakula, na huku anakula akamwuliza mambo ambayo miezi yote ya shule hakuwa amemwuliza. Unaishi na nani? Na bibi. Bibi hajambo? Bibi anaumwa, mjomba amempeleka Magu. Tangu lini? Tangu mwezi uliopita. Sasa nyumbani upo na nani? Kabula alikuwa amemega ugali, akaurudisha sahanini.

"Nalinda nyumba, Madam."

Mtoto wa miaka kumi na minne, peke yake, anajifungia kwa kuegemeza jiwe mlangoni. Baba alikuwa amekwisha kukaa. Mama alimtazama, naye akamtazama mama, na sikuhitaji kuambiwa wanasema nini.

"Alale hapa," baba alisema. "Kesho mimi naenda Magu kuongea na wazee wake. Loza ana chumba kikubwa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga waliniona mimi wakasema. Kama nisingeandika barua ile, Kabula angeendelea kutoa daftari lake darasani na kurudi kwake Buswelu, mama asingejua lolote, na chumba kingebaki changu. Nilimfukuza kwa wino mwekundu, na wino huohuo ukamleta mpaka kitandani kwangu.

Kabla jua halijazama mama aliniita nyuma ya nyumba, kwenye uwazi kati ya yale mawe mawili. Sikukana. Nilimweleza yote, kibao cha geti, saa kumi, mlinzi, vitanda viwili. Alipofahamu kwamba nilidhani anakwenda kumchukua Kabula kila siku, alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatika.

"Na lile daftari lako la mama yangu he? Ulikuwa unataka nini?"

"Nilitaka unichoree nyekundu."

"Maawe." Alinipiga kofi moja la mgongoni, la haki kabisa, halafu akanikumbatia palepale alipopiga. "Hutaki tiki, unataka makosa. Haya, leo umelipata kosa lako, kubwa. Masahihisho yake utafanya mwenyewe. Mimi jibu siandiki."

"Niandike nini?"

"Nimesema siandiki jibu."

Sikuyafanya. Mwanzoni niliogopa, baadaye nikaona muda umepita, mwishoni nikajisingizia kusahau. Kabula alikaa nasi mpaka akamaliza Form Four, na likizo zote za chuo alirudi kwetu. Nilimpenda? Nilimzoea, nikamtegemea, nikagombana na watu waliomsema. Na wivu haukuniachia hata siku moja. Aliposhika ualimu, tena wa Kiingereza, mama alilia kwa furaha mpaka ushungi ukalowa. Mimi nilipopata kazi benki kule Nyamagana alisema hongera, nilijua utapata. Tiki na Good. Na mama alipougua, nani aliyejua dawa zote kwa majina? Mimi nilikuwa nafika jioni na matunda, namkuta Kabula amekwisha kumwogesha.

Basi narudi wiki ile ya msiba. Niliandika wasifu kwa mkono, kurasa mbili, nikampelekea Kabula aupitie kabla haujapelekwa kuchapwa, maana yeye ndiye mwalimu. Alikuwa amekaa barazani kwenye meza ileile, macho yamevimba. Akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba. Alisahihisha mkato hapa, herufi kubwa pale, jina la kijiji cha Muleba nililolikosea. Nilikuwa nimesimama nyuma yake naufuata mkono wake, kwa sababu nilijua ukurasa wa pili una nini. Nilikuwa nimeandika, marehemu ameacha mume na mtoto mmoja.

Kalamu ilifika pale. Haikusimama. Ikapita, ikaenda kuweka nukta mwisho wa aya inayofuata.

"Uko sawa, Loza," alisema, na kunirudishia. Loza, kama baba. Kiingereza chake hakina doa siku hizi, lakini mimi hajawahi kuniita vingine.

Nilirudi chumbani nikafunga mlango. Nilitaka kufurahi. Sandukuni lile daftari lilikuwa linanitazama, nikalifungua sasa, nijikumbushe kwamba alipendwa yeye. Nikafika kwenye ukurasa wenyewe. Barua yangu ilikuwa pale, imekatwa kwa mstari mmoja kama mama alivyoikata siku ile. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuwahi kukiona, kwa sababu tangu siku ile sikuwahi kulishika tena. Mama alikuwa amerudi kwenye sentensi yangu. Maneno my own child alikuwa ameyazungushia duara jekundu, na pembeni, kwa herufi zake ndefu zenye mkia, ameuliza, How many, Roza? Wangapi?

Chini yake alikuwa amechora mstari kwa rula, na kuacha nafasi.

Kumbe alikuwa ananitunzia mimi. Miaka yote hiyo, chini ya vitenge, daftari nililodhani la Kabula lilikuwa na swali langu. Nililia mpaka wanawake wa uani wakaacha kumenya, wakasema afadhali, sasa ameanza kulia.

Nilipotoka, Kabula alikuwa bado barazani. Niliomba kalamu. Nikasimama pale mezani, mbele yake, aone. Nikazungusha duara kwenye mtoto mmoja, nikakata, na juu yake nikaandika watoto wawili. Kisha nikamwekea lile daftari la saruji mbele yake, wazi, kwenye ukurasa ule.

"Aliyeandika ni mimi," nikamwambia. "Si Madam."

Alisoma barua, akasoma swali la mama.

"Mwandiko wako niliujua wiki ya kwanza nilipohamia," alisema. "Nilikuwa nasubiri masahihisho."

Akanyoosha mkono, akachukua kalamu, akaivuta karatasi ya wasifu karibu. Pembeni ya watoto wawili akaweka tiki moja ndogo, akanirudishia.